Kisigino cha Nuhu Mpangala

Ipo nchi moja inaitwa Utulivuni. Msiniulize iko wapi, kwa sababu ramani yake ilipelekwa wizarani kusahihishwa mwaka juzi na mpaka leo haijarudi. Ni nchi nzuri, yenye amani tele, na watu wake wanajua kupiga makofi kuliko jirani zao wote. Hufundishwa tangu darasa la kwanza: makofi ya kukaa, makofi ya kusimama, na makofi ya kusimama huku machozi yakitoka, ambayo ni ya Mlezi wa Taifa peke yake.

Katika nchi hiyo alikuwapo bwana mmoja, Nuhu Mpangala, Afisa Nyasi Daraja la Tatu katika Uwanja wa Shukrani. Kazi yake ilikuwa kufyeka uwanja mzima kwa fyekeo moja, na kila akimaliza goli la kusini, nyasi za goli la kaskazini zilikuwa zimeshaota tena. Serikali ilimpa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jukwaa. Humo aliishi na mkewe Siwema na mama mkwe wake, Bi Kuruthumu.

Nuhu hakuanzia kwenye nyasi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa golikipa, tena golikipa wa kutegemewa, na angekuwa golikipa mpaka leo kama si kisigino chake.

Ilikuwa hivi. Mlezi wa Taifa ana mwana, Kapteni Jasiri, mshambuliaji aliyekuwa wakati huo na mabao mia nne na kumi. Ni mchezaji wa ajabu kweli. Mabeki wakimwona anakuja huanguka wenyewe, wengine hata kabla hajapata mpira. Siku ya kuadhimisha bao lake la mia nne na kumi na moja, wizara ilitoa waraka mapema ili kuondoa usumbufu: dakika ya themanini na nane itatokea penalti, Kapteni atapiga kushoto, golikipa ataruka kulia. Ulikuwa waraka mzuri, wenye mihuri mitatu. Ila aliyeuandika hakuwahi kusimama golini maishani mwake, na hakukumbuka kwamba watu wawili wakitazamana, kushoto kwa huyu ndiko kulia kwa yule.

Nuhu akafumba macho, akaruka kulia kama alivyoagizwa. Kapteni akapiga kushoto kama alivyoagizwa. Mpira ukamkuta Nuhu ameshalala chini, ukamgonga kisigino, ukatoka nje.

Uwanja mzima ulilipuka. Watu walisahau hata ni makofi ya aina gani yanayotakiwa, wakapiga tu. Tangu siku hiyo Nuhu akawa shujaa barabarani na mfyeka nyasi kazini. Kinyozi alimnyoa bure. Muuza vitumbua alimwongezea kimoja kila asubuhi, bila kusema neno, akitazama pembeni.

"Jamani, mimi nilikuwa nimefumba macho," Nuhu aliwaambia. "Ni kisigino tu."

"Tunakuelewa, bwana," walimjibu, wakimkonyeza. "Wewe endelea kusema hivyo hivyo."

Mtu mmoja tu nchi nzima alimwamini, naye ndiye mtu pekee ambaye Nuhu angependa amtilie shaka. Bi Kuruthumu alikuwa ametazama mpira kwa miaka hamsini na mitano. Aliolewa siku ya nusu fainali, akachelewa harusi yake mwenyewe kwa sababu ya dakika za nyongeza. Sasa, kwa mila ya kwao, mama mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana. Lolote analotaka kumwambia hulipitisha kwa binti yake, hata kama mkwe amekaa hatua mbili kutoka alipo na masikio yake ni mazima.

"Siwema," alisema jioni ile ya kisigino, "mwambie mumeo ile hakudaka. Alilala chini kama gunia la mkaa, mpira ukamfuata hukohuko."

"Mume wangu, mama anasema hukudaka."

"Mwambie mama nimesikia."

"Na mwambie," Bi Kuruthumu aliendelea, "siku akidaka, nitasema."

Miaka kumi na miwili golini, na hilo neno hajalisikia. Nuhu alipovuliwa glavu na kupewa fyekeo, hakulia kwa ajili ya glavu. Aliumia kwa sababu alijua hatalisikia tena.

*

Mwaka wa tatu wa nyasi, Mlezi wa Taifa alisikiliza redio ya ng'ambo. Akasikia kwamba huko mbali wapo watu wanaocheza mchezo wa kupiga kijimpira kwa rungu, kisha hukimbia kuzunguka mpaka wanarudi palepale walipoanzia, mchezo ambao Mlezi aliuelewa mara moja. Akasikia pia kwamba kila mwaka hufanyika mechi ya nyota, na wachezaji wake huchaguliwa na mashabiki.

"Na sisi tuchague," alisema Mlezi, akaenda kulala.

Wizara ya Michezo, Makofi na Shangwe ilipata homa. Waziri, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Evarist Lubambanya, aliwaita wakuu wote wa idara akawauliza nani kati yao amewahi kuandaa uchaguzi ambao matokeo yake hayajulikani. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mmoja alianza kulia, akapewa maji.

Kukawa na mjadala redioni kwa siku saba: je, shabiki anafaa kuchagua mchezaji? Profesa wa Elimu ya Viungo alisema hafai kabisa. "Shabiki huchagua kwa moyo," alisema, "na moyo ni kiungo kisicho na cheti." Kocha Mkuu alisema mashabiki wakiachiwa watachagua washambuliaji kumi na mmoja na mtangazaji mmoja wa redio. Msikilizaji mmoja akapiga simu akauliza, "Na nyie waheshimiwa mkichagua, huwa mnachagua kwa kutumia kiungo gani?" Simu hiyo ilikatika kwa sababu ya hali ya hewa, ingawa jua lilikuwa kali.

"Siwema, mwambie huyo profesa," alisema Bi Kuruthumu, akiielekea redio, "kwamba shida siyo moyo. Shida ni macho. Nusu ya hao mashabiki hawatazami mpira, wanatazama kelele. Na waheshimiwa hawatazami kabisa, wanamtazama Mlezi wajue amecheka au hajacheka."

"Mama, redio haisikii."

"Basi mwambie mumeo, awe anajua."

Mwishowe karatasi za kura zikatoka. Kulikuwa na nafasi kumi na moja, mbele ya kila nafasi jina moja limeshachapwa, na mbele ya kila jina alama ya vema imeshawekwa, ili kumpunguzia mwananchi kazi. Mwananchi alibakiwa na jukumu la kuitumbukiza tu. Waziri alisema redioni kwamba hakuna nchi nyingine iliyofikia uhuru wa namna hiyo.

Watu wakazipokea karatasi, wakashukuru, wakapiga makofi ya kukaa. Kisha kila mmoja akaenda pembeni, akaigeuza karatasi, akaandika nyuma.

*

Kuandika nyuma si kosa Utulivuni, kwa sababu hakuna anayesoma nyuma. Ofisi zote za serikali zinasoma mbele. Mwananchi akikaa miaka mingi na jambo rohoni, huliandika nyuma ya fomu ya kodi au nyuma ya cheti cha chanjo, roho ikatulia, naye karani akagonga muhuri mbele, na amani ikaendelea. Ni mila nzuri, na haijawahi kumdhuru mtu.

Lakini kuhesabu kura alipewa Bwana Chande Makokola. Huyu alikuwa bwana posta kwa miaka ishirini na saba, mpaka posta ilipofungwa kwa kukosa barua, maana watu walikuwa wamechoka kuandikiana barua za kusomwa na watu watatu kabla ya mwenyewe. Alikuwa mpole, mwaminifu, na hakuwa na ubishi. Wizara ilimchagua kwa sifa hizo.

Siku ya kuhesabu, redio ilitangaza moja kwa moja. Bwana Chande akafungua sanduku, akatoa karatasi ya kwanza, na mkono wake ukafanya kilekile ulichokifanya kwa miaka ishirini na saba: ukaigeuza kuangalia nyuma, kwa sababu postani kitu cha kwanza ni kujua barua imetoka kwa nani.

"Golikipa," alisoma kwa sauti yake ya dirishani, "Nuhu Mpangala."

Akachukua ya pili, akaigeuza. "Golikipa, Nuhu Mpangala."

Mtangazaji alitaka kukata matangazo, lakini Kanuni ya Nne inasema matangazo ya wizara hayakatizwi kwa sababu yoyote ile, kifungo miaka mitano. Kwa hiyo yakaendelea kwa siku sita. Na lazima niseme ukweli, kwa nafasi nyingine kumi mashabiki walitia aibu. Kila kijiji kilichagua kijana wake. Walichagua marehemu wanne, mchungaji mmoja, na kweli yule mtangazaji wa redio alipata kura elfu tisa za winga wa kulia. Majina yalifika elfu tatu na mia mbili, na mbali na huyo hapakuwa na vijiji viwili vilivyokubaliana. Ila golini, kasoro karatasi moja, walikubaliana wote, pwani na bara, kusini na kaskazini.

Waziri alipokimbilia Ikulu kuomba kura zifutwe, alikuta Mlezi naye alikuwa anasikiliza. Mlezi alikuwa amesema, "Vizuri," kisha akasinzia. Hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa vizuri, na hakuna aliyethubutu kumwamsha aulize. Kwa hiyo wachezaji kumi wa Timu ya Wananchi, ile ya kucheza na timu ya Kapteni Jasiri, wakabaki walewale wa mbele ya karatasi, na wa kumi na moja akawa Afisa Nyasi.

*

Nuhu aliitwa wizarani akaenda na fyekeo lake, akidhani anakwenda kulirudisha.

"Ndugu Mpangala," Waziri alianza, akiwa amesimama ingawa hakukuwa na hadhira. "Taifa hili lilijengwa juu ya nguzo tatu: amani, nidhamu na Kapteni Jasiri. Wewe umepata bahati ya kusimama mbele ya nguzo ya tatu. Usiitikise."

"Mheshimiwa, mimi sikujichagua."

"Najua. Ndiyo maana nakuonea huruma." Akatoa waraka mpya, wenye mihuri saba. "Kosa la mwaka ule halitarudiwa. Kamati ya watu kumi na wanne imekaa Ulaya wiki sita kuchunguza suala la kushoto na kulia. Imegundua kwamba ni suala gumu. Kwa hiyo safari hii tumeachana nalo. Dakika ya themanini na nane, Kapteni atapiga upande wa jukwaa la wageni rasmi. Wewe utaruka upande wa jukwaa la mashabiki. Majukwaa hayageuki. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Ukiruka kinyume cha waraka, kesho yake saa mbili asubuhi utaleta funguo za nyumba na hilo fyekeo. Ukitii, utapanda kuwa Afisa Nyasi Daraja la Pili. Huko mnapewa na kofia."

Nuhu alirudi nyumbani akasimulia yote wakati wa chakula cha mchana. Siwema akaacha kula.

"Mume wangu, ruka wanakotaka," alisema. "Nakuomba. Tutalala wapi? Mimi na wewe tutajibanza kwa watu, lakini mama na umri huu?"

Bi Kuruthumu alikuwa ameupa mgongo mlango, anachambua mchele kwenye ungo, wala hakugeuka.

"Siwema, mwambie mumeo mimi nikiwa na miaka ishirini nililala chini ya jukwaa siku mbili nikisubiri fainali. Mvua ilinyesha. Sikufa."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," alisema Nuhu.

"Na mwambie sikumpigia kura. Golini niliandika marehemu Yasini Ndolela."

Siwema akaguna. "Mama! Mtu amekufa miaka minane."

"Amekufa, lakini alikuwa anafumbua macho."

Nuhu akainuka, akaenda kufungua sanduku la chini ya kitanda. Glavu zake za zamani zilikuwepo. Panya walikuwa wametafuna kidole kimoja, kidole gumba cha kushoto, vingine vizima. Mchana ule wote alikuwa nyuma ya jukwaa anapiga mpira ukutani na kuudaka, na mikono ilimuuma vibaya, na alifurahi kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

*

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Nyasi za goli la kusini zilikuwa ndefu kidogo, kwa sababu mwenye kuzifyeka alikuwa na shughuli nyingine. Jukwaa la wageni rasmi lilipewa viti vya velveti na feni. Jukwaa la mashabiki lilipewa hotuba ya Waziri, ya saa moja na dakika kumi. Bi Kuruthumu alikaa mstari wa mbele, nyuma tu ya goli la Nuhu, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kitenge isianguke.

Mechi ilikwenda kama ilivyoandikwa. Mabeki wa Timu ya Wananchi walianguka vizuri, na mmoja alianguka mara mbili katika shambulio moja. Kapteni akapiga nje mara sita, kila mara akipigiwa makofi ya kusimama. Dakika ya themanini na nane, Kapteni alijikwaa nyasi ndefu mita thelathini kutoka golini. Mwamuzi akatazama saa yake, akaonyesha penalti.

Uwanja ukanyamaza. Nuhu alisimama kwenye mstari. Kulia kwake lilikuwa jukwaa la wageni, Waziri amekaa ukingoni mwa kiti. Kushoto kwake lilikuwa jukwaa la mashabiki. Nisiwadanganye, aliiwaza nyumba, aliwaza mvua, na aliiwaza hata ile kofia ya Daraja la Pili. Kisha akasikia nyuma yake mtu anakohoa, kikohozi kikavu anachokijua, na akakumbuka anachotakiwa kufanya golikipa. Akafumbua macho, akautazama mpira.

Kapteni alianza kukimbia. Sasa jambo moja kuhusu Kapteni Jasiri ni kwamba katika mabao yake yote hakuwahi kuona golikipa aliyesimama. Wote huwa wameshalala anapofika. Alipoinua kichwa akamwona huyu bado amesimama, macho makavu, anamtazama mguu, alishtuka. Mihuri saba ikamtoka kichwani. Katikati ya mbio akabadili mawazo, akageuza kiuno, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote upande wa mashabiki, juu, pembeni kabisa mwa goli.

Nuhu aliona kiuno kinageuka. Akaruka. Aliruka mzima mzima, mwili umenyooka hewani, na mikono yake miwili ikaukuta mpira pale ambapo hauwezi kukutwa, akaudaka, akaanguka nao, akaukumbatia kifuani.

Kelele zilizopigwa siku hiyo hazikuwa makofi ya aina yoyote kati ya zile tatu. Waliokuwa nje ya uwanja walidhani jukwaa limeanguka.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika Kapteni kafunga, kwa kuwa yalikuwa yamechapwa jana yake. Saa mbili asubuhi Nuhu alikuwa mbele ya kamati, funguo mkononi, fyekeo begani.

"Ndugu Mpangala," alisema Waziri kwa hasira, "eleza mbele ya kamati hii uliruka upande gani."

"Upande wa jukwaa la mashabiki, mheshimiwa."

Waziri akavuta waraka, akausoma. Akampa jirani yake, naye akausoma. Ukazunguka meza nzima ukarudi.

"Ni kweli," alisema mjumbe mmoja kwa masikitiko makubwa. "Huyu ametii."

"Basi aliyekiuka ni..." alianza mwingine, kisha kwa busara akanywa maji.

Kamati ilikaa mpaka alasiri kutafuta mkosaji. Kapteni hakosei, na hilo limo kwenye katiba. Golikipa ametii. Mwisho walikubaliana kwa kauli moja kwamba kelele za mashabiki ziliuvuta mpira upande wao. Ikathibitika, kwa njia ya kitaalamu, kwamba mashabiki hawafai kuchagua wachezaji, na ikatangazwa kwamba kuanzia mwaka unaofuata wizara ndiyo itakayochagua mashabiki. Fomu za maombi zitapatikana wilayani. Nuhu aliandikwa kwenye jalada kuwa mtiifu asiye na bahati, akarudishiwa funguo. Kofia hakupewa.

Njiani kinyozi alimshika mkono. "Kama mara ile ile, bwana! Kisigino kingine!"

"Safari hii niliona," Nuhu alimwambia. "Nilifumbua macho, nikaruka, nikadaka."

"Tunakuelewa," alisema kinyozi, akamkonyeza.

Nuhu akaendelea na safari, na rohoni alikuwa na uchungu. Mara ya kwanza alitii wakamwita shujaa. Mara ya pili aliwakaidi kwa moyo wake wote, wakamwandika mtiifu. Alifika nyumbani akaweka fyekeo mlangoni. Siwema alimrukia akalia kwa furaha, akazibusu funguo. Nuhu akakaa kwenye mkeka, akaanza kuvua viatu.

Bi Kuruthumu alikuwa mahali pake, ungo mapajani. Aliuweka chini. Siwema alifuta machozi, akasogea karibu na mama yake, tayari kupokea neno alipeleke, kama alivyofanya tangu alipoolewa.

Lakini mama hakumtazama binti yake. Aligeuka mzima, akamtazama Nuhu usoni, kwa mara ya kwanza tangu amchukue mwanawe.

"Mkwe wangu," alisema. "Ile umedaka."